Ndoo Mbili na Safari ya Pugu: Uchambuzi wa Kisa cha Taka za Dar es Salaam

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, walilifikisha Jiji mbele ya Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi jirani na nyumba zao. Walishinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta mahali pasipo na madhara kwa watu, lakini badala ya kutekeleza amri hiyo lilirudi mahakamani kuomba muda, na likaendelea kuuomba. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa ombi la kuongeza muda tena, akieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile inayolinda haki ya kuishi. Malori yakahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baada ya hapo taka zilipelekwa Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, kisha Mtoni kwa Azizi Ally, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji.

Naanza na historia hii kwa kuwa inaonyesha swali ambalo jiji limekuwa likijiuliza kwa zaidi ya miaka 30: tuzipeleke wapi? Kila dampo lilipojaa au kufungwa, jibu lilikuwa ni kusogea mbele kidogo, penye watu wachache na sauti ndogo zaidi, hadi watu wakaongezeka hapo pia. Swali la pili, yaani ndani ya lori mna nini na kwa nini kimepakiwa humo, halikuulizwa kwa uzito huo. Uchumi mzunguko ni juhudi ya kulijibu swali hilo la pili: kuhakikisha kitu kilichotoka shambani kinarudi shambani na kilichotoka kiwandani kinarudi kiwandani, ili linalobaki kwa dampo liwe dogo kadiri inavyowezekana.

Basi tuangalie mna nini ndani ya lori. Simama alfajiri nyuma ya soko lolote la matunda na mboga jijini na jibu utalikanyaga: mikungu ya ndizi iliyonyofolewa matunda, maganda ya mihogo, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka njiani, matikiti yaliyopasuka, na msimu wa maembe ukifika, kokwa na maganda yanayoteleza hadi barabarani. Majumbani hali ni hiyohiyo kwa kiwango kidogo, na kwa mama lishe ni zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za jiji hili ni mabaki ya chakula na mimea, na sehemu kubwa ya mabaki hayo ni maji. Tikiti maji lina maji kama asilimia 90. Lori linalopanda Pugu wakati wa masika likidondosha maji meusi kwenye lami kwa kweli limechoma dizeli kusafirisha maji kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine.

Mzigo huo ukishafika dampo na kufukiwa na mwingine, unaoza bila hewa na kutoa gesi ya metheni, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto la anga takribani mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Gesi hiyo ndiyo inayolisha mioto isiyozimika ya madampo yetu. Unyevu nao hulegeza rundo lenyewe. Mwezi Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi jijini Kampala uliporomoka na kufunika nyumba zilizokuwa chini yake, wakafa makumi ya watu. Waliokufa walikuwa majirani wa dampo, kama walivyokuwa watu wa Tabata.

Hapa yafaa niondoe dhana moja ambayo imepotosha mazungumzo mengi kuhusu jambo hili. Tukisikia urejelezaji, akili inakimbilia kwenye chupa ya maji. Chupa ya maji, kusema kweli, inajiokoa yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa sababu ina bei. Waokota chupa wanapita mitaani na viroba mgongoni kabla ya jua kuchomoza, chuma chakavu hakilali nje, maboksi yanafungwa na kupimwa kwa kilo, na mnyororo wa wanunuzi kuanzia mwenye mzani wa mtaani hadi kiwandani unafanya kazi bila kusubiri mradi wowote. Mifuko laini ya plastiki, ambayo haikuwa na mnunuzi, iliondolewa kwa katazo la tarehe 1 Juni 2019. Mabaki ya chakula hayana bei, hayana mwokotaji, na hakuna katazo linaloweza kuyaondoa. Jiji linaloweza kukusanya kila chupa lakini likashindwa kugusa maganda bado litapeleka Pugu zaidi ya nusu ya mzigo wake, na mzigo huo ndio unaonuka, unaotoa gesi na unaoita nzi.

Manispaa ya Kinondoni ililiona hili mapema kuliko wengine, na jiografia ilisaidia. Kinondoni iko kaskazini na Pugu iko kusini-magharibi, kwa hiyo kila lori linalotoka Tegeta au Mwenge hulazimika kukata jiji zima katikati ya foleni. Kwa ushirikiano na Hamburg, jiji rafiki la Dar es Salaam tangu 2010, na kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, manispaa ilijenga huko Mabwepande kituo cha kutengeneza mboji chenye uwezo wa kupokea tani 50 za taka zinazooza kwa siku, hasa kutoka masokoni.

Kazi ya mboji haina uchawi, lakini ina nidhamu yake. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji hewa, maji ya kiasi na chakula chenye uwiano: takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mabaki ya soko yana maji mengi na naitrojeni ya kutosha, ila yamepungukiwa kaboni, ndiyo maana ukiyarundika peke yake yanageuka uji unaonuka. Dawa yake ipo mjini humuhumu. Mafundi seremala wa Keko wana maranda na vumbi la mbao, majani makavu hufagiwa kila asubuhi kwenye viwanja vya taasisi, na makumbi ya madafu yamejaa kila kona, ingawa hayo lazima yasagwe kwanza, la sivyo utayakuta kwenye rundo miezi kadhaa baadaye vilevile ulivyoyaacha. Rundo likichanganywa vizuri linapanda joto lenyewe ndani ya siku chache. Ukichomeka nondo katikati, ukaiacha kidogo kisha ukaichomoa, hutaweza kuishika sehemu iliyokuwa ndani. Joto likivuka nyuzi 55 na kudumu hapo kwa siku kadhaa huku rundo likipinduliwa ili pande zote zipite katikati, mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Mwishoni kinabaki kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua, na uzito wake ni chini ya nusu ya kilichoingia. Mtu aliyezoea kuona taka kama balaa akikishika kwa mara ya kwanza hunusa mara mbili kabla ya kuamini.

Hata hivyo mboji inaharibiwa na vitu vidogo sana. Kipande cha chupa iliyovunjika, betri ya redio, wembe, kifuko cha shampuu: hivi vikiingia kwenye rundo, mchujo wa mwisho hauvitoi vyote, na mkulima aliyejikata kiganja mara moja hanunui tena. Masokoni tatizo hili linadhibitika kwa kuwa mzigo unatoka mahali pamoja na mwingi ni wa aina moja. Majumbani ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu.

Sheria ilishasema zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa zihakikishe taka ngumu zinatenganishwa pale zinapozaliwa, kulingana na kama ni za kuoza, plastiki, kioo au chuma. Zaidi ya miaka 20 imepita. Katika mtaa ninaoishi tulihamasishwa kutenganisha, na nyumbani kwangu tuliitikia kwa moyo: ndoo yenye mfuniko kwa mabaki ya jikoni, kiroba kwa vitu vikavu. Watoto walijifunza kabla ya watu wazima. Kwa wiki tatu tulitoa ndoo na kiroba nje ya geti, na kwa wiki tatu kijana wa mkandarasi alivimwaga vyote viwili ndani ya bodi moja ya gari, mbele ya macho yetu. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kabisa: "Mzee, sisi tunalipwa kuondoa." Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Majirani wengi waliacha wiki ya nne, na sikuwalaumu, kwani hakuna anayeweza kuendelea kufanya kazi anayoiona ikiharibiwa kila Jumanne.

Kwa sababu hiyo nadhani wanaosema "wananchi hawana utamaduni wa kutenganisha" wanaanzia pabaya. Bibi zetu walitenganisha siku zote: pumba na maganda kwa mifugo, majivu shambani, chupa ya mafuta ikaoshwa na kutumika tena, na shimo la taka nyuma ya nyumba halikujaa hata miaka kumi. Kilichobadilika ni kwamba mjini hakuna tena anayekuja kuchukua kila kitu kwa njia yake.

Kata ya Bonyokwa, huko Ilala, imeonyesha kinachotokea pale mchukuzi anapokuwepo. Shirika la Nipe Fagio lilianza huko kwa kuwaingiza wazoa taka wenyewe ndani ya mpango tangu mwanzo; wakaunda ushirika wao, wakapita nyumba kwa nyumba kueleza, na wakakusanya taka zikiwa zimeshatengwa kwa makundi. Zinazooza zinabaki katani, kwenye kituo cha kuchambulia taka, zikageuzwa kuwa mboji. Zenye bei zinauzwa. Zisizo na njia yoyote ndizo zinazokwenda dampo. Jambo la kulizingatia hapa, ambalo naona wageni wengi wanaotembelea kituo kama hicho wanalipita haraka, ni nani hasa anayefundisha. Mzoa taka anayefungua ndoo mlangoni, akaona nepi ya mtoto juu ya maganda ya viazi, akamwita mama mwenye nyumba na kumwonyesha bila kumfokea, anafanya kazi ambayo mabango mia hayaiwezi. Anarudi tena baada ya siku chache, na mama anajua atarudi. Elimu hiyo inawezekana kwa sababu ni yeye mwenyewe atakayeingiza mkono kwenye ndoo ile akifika kituoni.

Tukiviweka Mabwepande na Bonyokwa pamoja, tunapata nusu mbili za jibu moja. Mabwepande imethibitisha kwamba ufundi wa mboji unafanya kazi kwa kiwango cha manispaa. Bonyokwa imethibitisha kwamba kaya za kawaida, si za watu wenye bustani na watumishi, zinaweza kutenganisha. Kwa nini basi hali haijabadilika jijini kote? Jibu langu ni kwamba fedha zinapita njia isiyo sahihi, na naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa bila hesabu mazungumzo haya huishia kwenye hisia.

Tuchukulie kata ya watu 30,000, kila mmoja akitoa gramu 700 za taka kwa siku. Hizo ni tani 21. Kwa lori la tani 7, ni safari tatu za Pugu kila siku. Sasa tuseme tani 12 kati yake zinaoza na zinabaki katani, na tani 3 za plastiki, chuma, karatasi na kioo zinakwenda kwa wanunuzi. Zinabaki tani 6, yaani safari moja. Safari mbili zimeokolewa: dizeli, matairi, muda wa dereva kwenye foleni, na nafasi ya dampo. Ni nani aliyeokoa? Kaya zilizotenganisha na vijana waliochambua. Ni nani anayepata faida? Chini ya mkataba wa kawaida, ambapo mkandarasi anapewa eneo na kukusanya ada ya taka nyumba kwa nyumba, faida inabaki kwake kwa kuwa gari limepumzika, na kwa manispaa kwa kuwa dampo limechelewa kujaa. Kikundi kilichofanya kazi yenyewe kinaambiwa kijitegemee kwa kuuza mboji. Hapo ndipo vikundi vingi vinapokwama. Mboji inapaswa kuwa kipato cha pili. Kipato cha kwanza kingekuwa malipo ya kila tani ambayo haikupanda lori.

Hesabu hiyohiyo ya gramu 700, ukiizidisha kwa watu 5,383,728 waliohesabiwa jijini katika sensa ya 2022, inatoa karibu tani 3,800 kwa siku. Mbele ya namba hiyo tani 50 za Mabwepande zinaonekana chache, na wapo wanaoitumia tofauti hiyo kukata tamaa, au kudai jiji linahitaji kiwanda kimoja kikubwa cha kuchoma taka kizalishe umeme. Sikubaliani nao. Taka zenye maji kiasi hiki haziwaki vizuri. Sehemu kubwa ya moto itatumika kukausha maganda. Tena mtambo wa aina hiyo ukishajengwa unataka kulishwa kila siku kwa miaka mingi, na vitu vinavyowaka vizuri ndani yake ni karatasi na plastiki zilezile ambazo waokota chupa wanaishi kwazo. Vituo vidogo vingi, kimoja kwa kila kata au kwa kata mbili, vinaendana zaidi na taka tulizo nazo na barabara tulizo nazo.

Soko la mboji lina ugumu wake, nami sitaki kuupunguza. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji nzuri ina asilimia moja au mbili. Mkulima wa mbali akilinganisha viroba viwili atachagua urea, hasa tangu ruzuku ya mbolea iliporejeshwa msimu wa 2022/23, na atakuwa sahihi kwa hesabu yake, kwani kusafirisha mboji kwa mamia ya kilomita hakulipi. Mteja wa mboji yuko karibu. Udongo wa pwani ni mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana umekauka, na virutubisho vimeshuka na maji. Wakulima wa mchicha, matembele na chainizi wa Bunju, Boko na mabondeni wanajua hili vizuri kuliko mtaalamu yeyote, ndiyo maana wananunua mbolea ya kuku kwa viroba. Kwao mboji inauzwa kama kitu kinachoshika maji, na jaribio moja la matuta mawili yanayopakana, moja lenye mboji na lingine bila, wakati wa kiangazi, linatosha kuwashawishi. Wauza miche ya maua walioko kando ya barabara kuu ni wateja wengine ambao wanahitaji udongo mwepesi mwaka mzima.

Kuna pia njia ya funza wa nzi chuma (kwa Kiingereza black soldier fly), ambao hula mabaki ya chakula kwa muda wa wiki mbili hivi na kukua wakiwa na protini karibu asilimia 40 ya uzito mkavu. Protini hiyo inaingia kwenye chakula cha kuku mahali pa dagaa, na dagaa wakipungua kwenye pumba za kuku wanaongezeka kwenye sahani za watu. Ufugaji huu unataka mabaki safi kuliko hata mboji inavyotaka, kwa hiyo nao unarudi kwenye ndoo ya jikoni.

Yapo mambo mawili ambayo mpango wowote wa kweli lazima uyabebe. La kwanza ni watu wanaoishi kwa kuokota juu ya dampo la Pugu. Kila chupa inayotengwa nyumbani ni chupa ambayo haitawafikia, na itakuwa dhuluma kusafisha jiji kwa kuwanyang'anya riziki waliolisafisha bila kulipwa. Wao ndio wenye jicho la kutofautisha plastiki kwa kuigusa tu, na nafasi za kwanza kwenye vituo vya kata ni zao. La pili ni nepi za kutupa, taulo za kike na vifuko vya tabaka nyingi. Hivi havina mboji wala mnunuzi, na vitaendelea kwenda Pugu hadi wanaovitengeneza na kuviingiza sokoni watakapotakiwa kuchangia gharama ya kuviondoa. Mzoa taka wa kata hawezi kulitatua hilo kwa mikono yake.

Mikataba ya uzoaji ina muda wake na hutangazwa upya, na hapo ndipo pa kuanzia bila kusubiri mfadhili. Kifungu kimoja kinachomkataza mkandarasi kuchanganya kilichotenganishwa. Siku mbili za wiki kwa taka zinazooza na siku moja kwa zilizobaki. Mzani kwenye kituo cha kata, daftari lake likiwa wazi kwa mwenyekiti wa mtaa. Na sehemu ya ada inayofuata tani iliyobaki katani badala ya kufuata gari. Mimi ndoo yangu yenye mfuniko bado ninayo, na maganda yake nayafukia kwenye shimo chini ya mpapai nyuma ya nyumba. Jirani yangu wa kulia, anayeishi ghorofani bila hata futi moja ya udongo, bado anampa yule kijana mfuko mmoja wenye kila kitu ndani.